Gemu ya Zamani Ikikataa Kusevu

Umecheza usiku kucha, umesevu, kesho unafungua gemu na hakuna kitu. Kabla hujamlaumu aliyekuwekea gemu hiyo kwa flashi, angalia kwanza inaandika wapi. Hapo ndipo penye tatizo kwenye kompyuta nyingi za mitumba zinazofika Bukoba mjini na kuishia Kaagya au Muleba: gemu ni ya zama za Windows 98 au XP, kompyuta ina Windows 10.

Gemu za zama hizo zilizoea kuandika faili zake ndani ya folda ileile zilimosakinishwa. Mwaka 2007 Windows Vista ikaufunga mlango huo: programu ya kawaida hairuhusiwi tena kuandika ndani ya Program Files. Ili programu kongwe zisikwame, Windows huzidanganya. Huichukua faili na kuiweka kwenye folda iliyofichwa, VirtualStore, huku gemu ikiamini imeandika ilipotaka.

Uongo huo ndio unaochanganya watu. Chukua Age of Empires II ya 1999, inayosevu kwenye folda yake ya SaveGame. Umeicheza wiki nzima kawaida. Kisha rafiki anakushauri uifungue kwa "Run as administrator". Sasa gemu ina ruhusa, inasoma folda halisi, na humo hamna kitu. Vita vyako havijafutika, vimebaki VirtualStore. Ndugu wawili wenye akaunti mbili kwenye kompyuta moja nao hugombana bure, maana kila akaunti ina VirtualStore yake.

Fungua folda yoyote, juu kwenye anwani andika %localappdata%\VirtualStore, bonyeza Enter. Nakili unachokikuta. Kisha iondoe gemu na uisakinishe upya nje ya Program Files, tuseme C:\Gemu, urudishe faili zako humo. Mimi naipendelea njia hii kuliko kuipa gemu mamlaka ya msimamizi kila siku; gemu ya kupewa ikiwa na virusi, umevikabidhi funguo za nyumba.

GTA San Andreas ni habari nyingine, kwani yenyewe husevu ndani ya Documents. Ikigoma, nenda Windows Security utafute "Controlled folder access", ulinzi ulioingia Windows 10 mwaka 2017. Iruhusu gemu hiyo peke yake, usizime ulinzi wote. Tazama pia kama faili zake zina tiki ya "Read-only", uiondoe.

Halafu kuna umeme. Mkoa wetu umeishi miaka mingi kwa umeme unaovuka mpaka kutoka Uganda, na kukatika tunakujua. Ukikatika gemu ikiwa inaandika, faili hubaki nusu, pengine KB 0, na hiyo haifufuki. San Andreas ina nafasi 8 za kusevu. Zitumie kwa zamu badala ya kuandika juu ya ileile.

Kwenye kibanda cha gemu, muulize mwenyewe kama mashine zake hujirudisha upya kila zikiwashwa. Kama ndivyo, nakili faili zako kwenye flashi yako kabla ya kuondoka.

Na fundi akitaka kukupigia Windows upya, mwambie mapema anakili Documents na VirtualStore. AppData, inamokaa VirtualStore, imefichwa. Usipoitaja, ataifuta bila hata kuiona.