Nimelipia gemu Krismasi, halijashuka. Nilipie tena?

SWALI: Nina banda la gemu Nyamilangano, Ushetu. Siku ya Krismasi vijana walijaa, nikanunua gemu jipya kwenye duka la PlayStation. Hela imekatwa, gemu halionekani. Nifanyeje?

JIBU: Usilipie mara ya pili. Fungua historia ya manunuzi kwenye akaunti yako. Gemu likiwemo ni lako. Ikiwa duka limezidiwa, utalipakua likirudi hewani. Lisipokuwemo, tunza ujumbe wa makato na uwaandikie huduma kwa wateja.

Sikukuu huelemea maduka haya kwa sababu mashine mpya nyingi huwashwa kwa pamoja, na wahalifu wanalijua hilo. Krismasi ya 2014, kundi la Lizard Squad lilifurisha mitambo ya PlayStation na Xbox kwa maombi ya uongo hadi ikazidiwa. Krismasi ya 2015 Steam, duka la gemu za kompyuta, nayo ilishambuliwa, na katika kujikinga ikakosea mpangilio: taarifa za wateja wapatao 34,000 zikaweza kuonwa na wengine.

Ila pima na mtandao wako. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikazorota Tanzania. Tovuti nyingine zikigoma pia, tatizo si duka.

Mwakani nunua na upakue kabla ya msimu, uwashe mpangilio wa kucheza bila mtandao, na uweke diski chache za akiba. Vijana wanaokuja na hela yao ya sikukuu wanastahili kucheza.