Kumwaga oili mwenyewe

Swali: Nina Toyota IST. Kila nikipeleka gereji kumwaga oili, fundi hunitajia ubovu mwingine. Naweza kuimwaga mwenyewe?

Jibu: Unaweza, na ningependa uanze. Kama injini ya IST yako ni 1NZ-FE, huchukua takribani lita 3.7 ukibadilisha na filta. Spana namba 14 hufungua nati ya chini ya kumwagia oili. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake: weka stendi, kwenye sakafu ngumu. Filta ipake oili mpya kwenye mpira, uikaze kwa mkono tu. Wengi huiharibu kwa nguvu. Rudisha nati, jaza oili mpya, washa injini kidogo, zima, subiri, kisha pima kwa dipstiki. Ubovu mwingine, kama wa breki, mwachie fundi, ila simama naye, na spea za zamani ukabidhiwe.