Maneno ya Dalili za Pua: Maana na Upatanisho

Katika somo hili tunachunguza maneno yanayotaja dalili za pua. Maana zake hukaribiana, na sarufi yake humkanganya mwanafunzi ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza. Aidha, mara nyingi mwalimu ndiye anayemweleza mhudumu wa afya jinsi mtoto alivyougua darasani. Akikosea neno, huenda akataja dalili isiyokuwapo.

1. Mafua na kamasi
Mafua ni ugonjwa, na kamasi ni ute utokao puani. Mtu hushikwa na mafua au huugua mafua, lakini hupenga kamasi. Nomino mafua haina umoja, na upatanisho wake ni wa YA: Mafua makali yamemshika. Mzungumzaji wa Kinyarwanda, kwa kuzoea ibicurane, huweza kuvutwa kusema *mafua vimemshika. Hapo amehamisha upatanisho wa lugha yake ya kwanza.

2. Kuziba na kuzibwa
Tulinganishe:
(a) Pua yake imeziba.
(b) Pua yake imezibwa na punje ya harage.
Sentensi (a) yaeleza hali tu, kama ile ya mwenye mafua. Sentensi (b) imo katika kauli ya kutendwa, nayo yatuambia kwamba kipo kitu kilichoziba. Mtoto wa (b) anahitaji kutolewa kitu hicho na mtaalamu, si kupewa dawa ya mafua.

3. Kutoka, kutokwa na kutokewa
Kitenzi toka si elekezi, lakini hupokea kiambishi -w- na kufuatwa na kiunganishi na: Mtoto anatokwa na damu puani. Kiima ni mtoto apatwaye na hali hiyo, wala si damu. Damu ikiwa kiima, twasema: Damu inamtoka puani. Tusichanganye tokwa na tokewa. Ametokewa na ajali maana yake ni kwamba jambo limemfika.

4. Pua na tundu
Pua ni moja, nayo ina matundu mawili. Umbo mapua huleta maana ya ukubwa au dharau, kwa hiyo halifai kutaja matundu. Tofauti hii ina uzito. Usaha unaonuka ukitoka katika tundu moja tu, yawezekana kuna kitu kilichoingia humo. Kamasi za mafua kwa kawaida hutoka katika matundu yote mawili.

Zoezi
A. Sahihisha sentensi hizi, kisha eleza kanuni iliyovunjwa:
(i) Juma anapenga mafua.
(ii) Mafua vimewashika wanafunzi wote.
(iii) Msichana ametokewa na damu puani.
B. Mwanafunzi wako amejitia ushanga puani. Andika sentensi tatu za kumweleza mhudumu wa afya, ukitumia zibwa, tundu na tokwa na.