Hesabu ya Maji katika Lundo la Dhahabu

Katibu wa chama anapofunga daftari la fedha jioni hulinganisha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Somo hili laitumia hesabu hiyo hiyo kwa maji yenye sumu. Linawahusu wanachama wachimbaji, na wakulima walio bonde la chini hali kadhalika, kama itakavyoonekana katika habari za mgodi wa Summitville, jimbo la Colorado, Marekani.

Kwanza njia yenyewe. Mawe yenye dhahabu haba, yasiyolipa gharama ya kusagwa, hupondwa na kulundikwa juu ya tandiko la plastiki. Lundo hunyunyiziwa maji yaliyotiwa chokaa na sayanaidi kidogo, kwa kawaida chini ya gramu moja kwa lita. Chokaa isipuuzwe hata siku moja, kwani maji yakipata uchachu, sayanaidi hugeuka hewa yenye kuua. Maji hupenya polepole, huyeyusha dhahabu na kukusanyika chini, kisha hupitishwa katika kaboni inayoinasa dhahabu, au hutiwa unga wa zinki unaoitenga. Baada ya hapo huongezwa sayanaidi na kurudishwa juu ya lundo. Katika nchi kame jua hunyonya maji mengi kuliko mvua iletavyo, na mzunguko huo waweza kuendelea bila kumwaga maji nje.

Summitville uko milimani, kwenye mwinuko wa mita 3,500 hivi, penye theluji nyingi. Hata hivyo mpango wake ulijengwa juu ya dhana kwamba maji yatakayopotea hewani yatazidi yatakayoingia. Uchenjuaji ulianza mwaka 1986, na mwaka huo huo tandiko lilionekana kuvuja. Maji yaliyovuja yalikusanywa na kurudishwa kwa pampu juu ya lundo. Mweka hazina yeyote angeliona tatizo mara moja: upande wa mapato ulijaa, upande wa matumizi ulikuwa karibu mtupu, na salio likapanda kila mwaka.

Ndipo ikalazimu kubadili namna ya kutibu maji ili sehemu yake itolewe nje. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosemwa. Sayanaidi huweza kuharibiwa kwa dawa kama haidrojeni peroksaidi, lakini mawe ya Summitville yalikuwa na shaba pia, na sayanaidi huishika shaba kama ishikavyo dhahabu. Sayanaidi ikivunjwa, shaba huachwa majini, nayo ni sumu kali kwa samaki. Sharti itiwe chokaa ya kutosha ili ituame kama tope, na tope hilo nalo litafutiwe mahali pa kuhifadhiwa. Maji yaliyotibiwa yalinyunyizwa ardhini, lakini ardhi haikuweza kuyameza yote, na mengine yakatiririka hadi kijitoni. Wakati huo huo maji yenye uchachu na shaba yalitoka katika mashimo na vifusi vya mgodi, yakaingia mto Alamosa, ambao wakulima wa bondeni huutumia kumwagilia alfalfa na shayiri. Mwaka 1990 samaki walikufa.

Desemba 1992 kampuni ilifilisika, majira ya baridi yakiwa yamekwisha anza. Kama pampu zingalizimwa, lundo lingalifurika. Serikali ililazimika kuzishika pampu na mitambo ya kutibu maji, na gharama zikapita dola milioni 150. Dhamana iliyowekwa na kampuni ilikuwa sehemu ndogo mno ya fedha hizo.

Katika Tanzania, sehemu za Geita na Chunya, wachimbaji wadogo huchenjua marudio kwa sayanaidi katika matanki. Kiasi ni kidogo, lakini hesabu haibadiliki. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo eneo la hekta moja, likipata mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita milioni 10. Kutoka humo hutolewa maji yanayopotea hewani na yanayobaki katika mchanga. Ziada ikionekana, chama kijue itatibiwa kwa dawa gani, kwa fedha ya nani, na itamwagwa wapi, kabla ya tanki la kwanza kujengwa.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano wa chama:

1. Eneo la uchenjuaji lenye mita za mraba 400 likipata mvua ya milimita 900 kwa mwaka, litapokea lita ngapi?

2. Kwa nini maji ambayo sayanaidi yake imeharibiwa yaweza bado kuua samaki?

3. Mwenye mtambo akiondoka ghafla wakati wa masika, ni nani atakayelipia dizeli ya pampu?