Njia za Kuzuia Mimba: Ipi Yajuzu, Ipi Yafaa?



Darsa yetu ya leo yahusu jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, na kwa ajili hiyo hukosea sana ndani yake. Wako wasemao kwamba kila njia ya kuzuia mimba ni haramu. Wako na wasemao kwamba zote ni sawa, mtu atwae yoyote apewayo. Wa kwanza wameharamisha pasipo dalili, na wa pili wamechanganya mambo yasiyochanganyika. Inatupasa kuzipima njia hizi moja moja.

HAJA YENYEWE

Milima yetu ina rutuba, yaotesha chai na ndizi, lakini si mipana. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Nyamira ilikuwa na watu 605,576, yaani zaidi ya 670 katika kila kilomita moja ya mraba. Na Kisii yawashinda hao kwa msongamano. Shamba la babu likigawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hubaki vipande vidogo.

Hata hivyo, hoja yetu kubwa si shamba, kwani riziki i mikononi mwa Mola. Hoja kubwa ni mwili wa mama na haki ya mtoto anyonyaye. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, yataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kutimiza. Na Shirika la Afya Duniani lashauri mama angoje miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Tazama jinsi mashauri haya mawili yanavyokutana!

ASILI YA HUKUMU

Asili ya masala haya ni azli, yaani mume kumwaga nje. Imepokewa kwa Jabir, katika Bukhari na Muslim, kwamba Masahaba walikuwa wakifanya azli wakati Qur'ani ikiteremka. Lau ingekuwa haramu, wangalikatazwa.

Watu wengine hutoa hoja ya hadithi ya Judama, iliyomo katika Muslim, ambayo yafananisha azli na kuzika mtoto kwa siri. Imamu Ghazali, naye ni wa madhehebu yetu ya Shafii, ameeleza kwamba hiyo ni karaha tu, wala si uharamu. Kwa sababu kuzika mtoto ni kumdhulumu aliyekwisha kuwako, na azli ni kuzuia asiyekuwako bado. Aya zikatazazo kuua watoto kwa kuogopa umaskini nazo zasema juu ya mtoto aliyekwisha kuwako. Kwa hiyo kutoa mimba ni mlango mwingine kabisa, wala asiuingize mtu katika somo hili.

Wanavyuoni wa karne iliyopita walikisia njia mpya juu ya azli. Mufti wa Misri, Sheikh Abdul-Majid Salim, alijuzisha mwaka 1937. Sheikh Mahmud Shaltut wa Al-Azhar alijuzisha mume na mke wapange nafasi ya uzazi wao, lakini alikataa umma mzima kuwekewa mpaka. Na Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, liliruhusu kuzuia kwa muda wakikubaliana wawili na pasiwe na madhara, likaharamisha kukata uzazi moja kwa moja ila kwa dharura.

KUPIMA NJIA MOJA MOJA

Wake 100 wasiotumia njia yoyote, kama 85 kati yao hushika mimba katika mwaka mmoja. Hesabu zifuatazo ni za watu 100 kwa mwaka, kwa namna wanavyotumia kila siku, si kwa namna ya ukamilifu.

1. Azli. Haina gharama, lakini kama 20 hushika mimba. Aitegemeaye na ajue hivyo.

2. Kunyonyesha. Huzuia vizuri kwa masharti matatu: mtoto hajafikisha miezi sita, hapewi kingine ila ziwa usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Likivunjika moja, kinga imekwisha.

3. Mpira wa kiume. Kama 13 hushika mimba. Huu ndio uzuiao pia maradhi ya zinaa na ukimwi.

4. Vidonge. Kama 7, na sababu kubwa ni kusahau. Vile vya homoni mbili havimfai mwenye shinikizo la damu, wala aliyezaa karibuni naye yu anyonyesha.

5. Sindano ya miezi mitatu. Kama 4. Mke akiiacha, uzazi huweza kuchelewa kurudi miezi kadhaa. Basi atakaye mtoto karibu asiichague.

6. Vijiti vya mkononi. Hukaa miaka mitatu hata mitano, na hushika mimba pungufu ya mmoja.

7. Kitanzi cha shaba. Pungufu ya mmoja, nacho hudumu miaka kumi au zaidi. Kazi yake kubwa ni kuidhoofisha mbegu ya mume isikutane na yai. Kwa hiyo kukiita kutoa mimba si sawa.

8. Kufunga mirija, ya mume au ya mke. Hii ndiyo njia ya kukata, na hukumu yake imekwisha tajwa. Tabibu mwaminifu akisema mimba nyingine yahatarisha uhai wa mama, hapo dharura yafungua mlango.

Jambo moja husahauliwa: sindano na vijiti huvuruga damu ya mke, ikaja kidogo kidogo au kwa siku nyingi. Kwa madhehebu ya Shafii, hedhi haizidi siku 15. Izidiyo hapo ni istihadha, na mwenye istihadha huswali na hufunga. Wake wangapi wameacha swala mwezi mzima kwa kutoambiwa haya!

SHAURI LA WAWILI

Ghazali na wengi wa Kishafii hawakushurutisha ridhaa ya mke katika azli; Hanafi, Maliki na Hanbali wameishurutisha. Sisi twaona kauli hii ya pili ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa mke ana haki ya mtoto na haki ya starehe, naye ndiye abebaye mimba. Wala madhehebu hayakuwekwa yawe pingu.

Lakini tuseme kweli. Wako wake wachomao sindano kwa siri, kwa kuwa haionekani. Kabla ya kumlaumu mke huyo, mume na ajiulize: je, aliwahi kuambiwa "nimechoka" akasikiliza? Amkatazaye mkewe kupumzika kwa jina la dini, naye hana aya wala hadithi, ameisingizia dini.

Basi ketini wawili, mzungumze. Nendeni pamoja zahanati, muulize kila njia yafanyaje kazi, yadumu muda gani, na ina madhara gani kwa mwili wa mke huyu, si wa jirani. Kisha chagueni iwezayo kuachwa mtakapotaka mtoto. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.