Ukitaka kazi ya afya ya akili Uvira, anza na uuguzi

Kijana wa Kavimvira au Kalundu akisema anataka kusomea saikolojia, nyumbani huulizwa: "Sasa utatibu vichaa?" Usikasirike. Anayeuliza amezoea kuona mgonjwa akipelekwa kwanza chumba cha maombi au kwa mganga, na hospitali mwisho kabisa. Kulijibu swali hilo kwa upole ni sehemu ya kazi yenyewe, na utalijibu miaka yote.

Kama huna mfadhili, ushauri wangu ni mmoja: ukipata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, soma uuguzi kwanza. Kuwa daktari wa akili ni safari ndefu ya udaktari, na mwanasaikolojia aliyetoka chuoni mara nyingi hutegemea mikataba ya mashirika. Mradi ukifungwa, naye anarudi kukaa nyumbani. Muuguzi hubaki kazini. Tena anajua kupima. Mtu aliyeanza kuweweseka jana huku mwili unachemka, huenda ni malaria iliyopanda kichwani, na wakati watu wanabishana kuhusu mapepo yeye anakufa. Wenye kifafa nao wataletwa kwako, maana ugonjwa huo una dawa lakini wengi bado wanafichwa.

Ukishakuwa muuguzi, tafuta staji mahali wagonjwa wa akili wanapolazwa. Bukavu kuna SOSAME, kituo cha mabruda wa Frères de la Charité. Mabruda hao hao wana kituo Kamenge, Bujumbura, ng'ambo tu ya Gatumba, siku ambazo mpaka uko wazi. Anayetaka saikolojia yenyewe, Chuo Kikuu cha Kisangani kimeifundisha kwa miongo mingi, ila ni mbali na nauli ni nzito.

Njia nyingine ni ya APS, yaani msaidizi wa kisaikolojia na kijamii. Usiidharau. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini mwa Kivu, kwa wanawake 405 waliopitia au kushuhudia ukatili wa kingono. Wasaidizi wa hapa hapa, wasio na shahada za saikolojia, walifundishwa kuongoza tiba ya maongezi katika vikundi. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa kila 100. Kati ya wale waliosaidiwa kwa njia ya kawaida, walikuwa 42. Na maongezi hayo yalifanyika kwa lugha za nyumbani, Kifuliru na Kibembe zikiwemo. Kwa hiyo Kifuliru cha bibi yako ni chombo cha kazi, kinoe. Ongeza Kirundi, kwa sababu kambi ya Lusenda imepokea wakimbizi wa Burundi tangu 2015.

Jifunze pia kunyamaza. Mji wetu umebanwa kati ya mlima na ziwa, watu wanajuana. Ukienda kwa mama aliyekufungulia moyo ukiwa umevaa jile ya mradi, mtaa mzima umeshajua siri yake. Wala usimlazimishe mtu kusimulia siku ya kwanza. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 na kubeba nyumba, mtu alihitaji kwanza maji safi, pa kulala, na kujua mtoto wake yuko wapi. Maneno huja baadaye, akitaka mwenyewe. Lakini akikuambia amechoka kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, mpeleke hospitali wewe mwenyewe.

Nawe umekimbia vita kama hao utakaowasaidia, pengine umezika. Tafuta mkubwa wa kazi wa kuongea naye kila wiki, kabla mizigo ya watu haijakulemea.

Wiki hii, nenda kituo cha afya cha mtaa wenu. Muulize muuguzi mkuu wagonjwa wa akili na wa kifafa wanapokelewa siku gani, na umwombe ruhusa ya kusaidia kuwapokea.