Somo juu ya Urithi wa Mwili na Ugonjwa wa Selimundu



Hakuna mtu wa Iramba wala wa Unyaturu asiyejua kuku, maana kuku wa Singida husifiwa hata Dar es Salaam. Basi na tuanze somo letu uani, kabla ya kuviendea vitabu vya wenye elimu. Miongoni mwa kuku wetu wako wenye shingo tupu, waitwao kishingo. Watazame mmoja mmoja kwa makini, nawe utaona ya kuwa si wote walio sawa. Wengine shingo zao ni tupu kabisa, au karibu kabisa. Wengine wana kishungi kidogo cha manyoya mbele ya shingo, kana kwamba manyoya yalitaka kuota yakazuiliwa. Wafugaji wengi huiona tofauti hiyo wasiulize maana yake. Lakini ukimchukua jogoo mwenye kishungi na mtetea mwenye kishungi, ukawatenga wasichanganyike na wengine, ukahesabu vifaranga vyao kwa muda mrefu, utaona ya kuwa katika kila vifaranga 4, kwa kadiri, 1 ana shingo tupu, 2 wana kishungi kama wazazi wao, na 1 ana manyoya shingo nzima. Huyo wa mwisho humshangaza mwenye kuku. Wazazi wote wawili ni kishingo. Manyoya yametoka wapi?

Jibu lake ndilo msingi wa elimu ya urithi. Kiumbe hupokea maagizo mawili kwa jambo moja la mwili wake, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Maagizo hayo huitwa jeni. Kuku mwenye kishungi ana agizo moja la shingo tupu na moja la manyoya. Naye akizaa hampi kifaranga maagizo yote mawili, bali moja tu, na hakuna ajuaye ni lipi. Kwa hiyo kifaranga mwenye manyoya alipokea agizo la manyoya kwa baba na agizo la manyoya kwa mama, ingawa wazazi wenyewe hawakulionyesha waziwazi. Sisemi ya kuwa kila jambo la mwili huamuliwa na jeni moja. Kimo cha mtu na rangi ya ngozi yake hutoka katika jeni nyingi zikishirikiana, na chakula na maradhi nayo huchangia. Lakini yako mambo ya jeni moja, na hayo ndiyo mepesi kufundishia.

Aliyegundua kanuni hii hakuwa daktari. Alikuwa mtawa, jina lake Gregor Mendel, katika mji wa Brno, ambao leo umo katika nchi ya Czech. Wasomaji wetu wapendezwe kujua ya kuwa chama chake cha utawa kilikuwa cha Augustino, ndicho alichokuwamo Luther zamani kabla ya Matengenezo. Toka mwaka 1856 hata 1863 Mendel alipanda njegere katika bustani ya nyumba yao, akazichavusha kwa mkono wake, akahesabu. Katika jaribio moja alipata mbegu 7,324; za mviringo zilikuwa 5,474, na zilizokunjamana 1,850, yaani karibu 3 kwa 1. Alitoa habari zake mwaka 1865, zikapigwa chapa mwaka 1866, na wataalamu hawakuzijali. Alifariki mwaka 1884. Kazi yake ikafufuliwa mwaka 1900.

Basi jeni hizo hukaa wapi? Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu, viitwavyo seli. Ndani ya seli zilizo nyingi kimo kiini, na ndani ya kiini zimo nyuzi 46 ziitwazo kromosomu, 23 za baba na 23 za mama. Kila kromosomu ni uzi mrefu wa kitu kiitwacho DNA, uliosokotwa kama kamba ya nyuzi mbili. Umbo hilo lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick huko Cambridge, wakisaidiwa na picha za miali zilizopatikana katika kazi ya Rosalind Franklin wa London. Katika uzi huo mmeandikwa habari kwa herufi 4 tu, nazo ni A, T, G na C. Sisi twatumia herufi nyingi zaidi kwa kuandika Kiswahili, lakini hizo 4 zatosha, maana zimepangwa kiasi cha milioni elfu tatu katika fungu la mzazi mmoja. Seli husoma herufi tatu tatu kama neno. Karibu kila neno huita kipande kimoja kiitwacho amino asidi, na vipande hivyo vikiungwa kwa taratibu huwa protini, ambayo ndiyo mtenda kazi wa mwili.

Wapiga chapa wanajua madhara ya herufi moja. Ukiandika ya kwamba mkulima amepanda mbegu, habari ni njema. Ukikosea herufi ya mwisho, mkulima amepanda mbega, na msomaji atacheka. Katika mwili kosa la herufi moja mara nyingi halina neno. Mara nyingine huleta kilio.

Katika damu imo protini nyekundu iitwayo hemoglobini, ibebayo hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Sehemu yake moja imefanywa kwa amino asidi 146. Wako watu ambao, penye neno la 6, badala ya GAG wana GTG. A imekuwa T. Kwa herufi hiyo moja amino asidi ipendayo maji imeondoka, na mahali pake imekaa nyingine iyakimbiayo maji kama mafuta. Vernon Ingram alilionyesha badiliko hilo la amino asidi huko Cambridge mwaka 1957. Hemoglobini ya namna hiyo, ikiisha kuiachilia hewa yake, hushikamana yenyewe kwa yenyewe na kuwa nyuzi ngumu, nazo nyuzi huipinda chembe nyekundu ya damu mpaka ikafanana na mundu wa kuvunia. Ndiyo asili ya jina selimundu. Wengi huuita siko seli. Chembe nzima huishi siku kama 120. Chembe iliyopindika huishi siku 10 hata 20 tu, kwa hiyo damu hupungua. Tena chembe hizo hukwama katika mishipa myembamba, na pale zinapokwama huzuka maumivu makali ya mifupa, ya kifua, ya tumbo.

Hapa sasa ndipo elimu hii inapoingia katika nyumba zetu. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima. Miezi ya kwanza hunawiri, maana bado anayo hemoglobini ya tumboni mwa mama, ambayo haina kosa lile. Ipatapo miezi kama 6 hemoglobini hiyo imekwisha kupungua, na ile yenye kosa imeshika mahali pake. Ndipo vidole vya mikono na miguu huvimba, mtoto hulia usiku, macho huwa ya manjano. Jirani aliyemwona mtoto mwenye afya, kisha akamwona hivi, husema amelogwa. Mwingine humnong'oneza mume ya kuwa damu ya mkewe ni mbaya. Nyumba hugawanyika, mtoto huchanjwa kwa wembe badala ya kupelekwa hospitali, na siku zinapita. Wako akina mama waliorudishwa kwao wakiwa wamezika watoto wawili, na lawama ikawafuata huko.

Lakini jeni zasemaje? Hemoglobini ya kawaida tuiite A, na yenye kosa tuiite S. Mtu mwenye AA hana shida. Mwenye AS huitwa mbebaji. Yeye kwa kawaida ni mzima, hulima, huzaa, huzeeka, asijue. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Basi mtoto wa SS alipokea S moja kwa mama, na S ya pili ilitoka kwa baba. Haiwezekani mtoto awe SS kwa mama peke yake. Mume anayemfukuza mke kwa ajili ya damu mbaya angepaswa kujifukuza naye, maana amechangia nusu kamili.

Waalimu na wainjilisti waweza kulionyesha jambo hili darasani pasipo gharama. Twaa vibuyu viwili, kimoja cha baba, kimoja cha mama. Katika kila kimoja tia harage moja jeupe na moja jeusi. Mtoto mmoja afumbe macho, atoe moja katika kila kibuyu. Mwandikeni, kisha mrudishe maharage. Fanyeni mara 40. Meusi mawili pamoja yatatokea mara kama 10, lakini si kwa zamu. Huenda yakatokea mara mbili mfululizo, kisha yasionekane mara saba. Ni vema kulikazia sana neno hili, kwa sababu wazazi wengi wakiambiwa “mmoja kwa wanne” hudhani ya kuwa, wakiisha kupata mgonjwa mmoja, watatu wafuatao watakuwa salama. Sivyo. Kibuyu hakikumbuki harage lililotoka jana. Kila mimba ni kura mpya.

Mtu aweza kuuliza: kosa lililo na madhara kama haya, mbona halikutoweka zamani, kwa kuwa wenye SS wengi walikufa wangali watoto? Jibu lilipatikana katika nchi zetu hizi. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walipima damu Uganda, wakaona tofauti kubwa: kwa Wakiga wa milimani wenye S walikuwa wachache sana, na kwa Waamba 45 katika 100. Mwaka huo huo Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alikusanya damu Kenya, akaona ya kuwa pwani na kando ya Ziwa Viktoria wabebaji walizidi 20 katika 100, na katika nchi za juu hawakufika 1. Akatambua ya kuwa ramani hiyo ni ramani ya malaria. Mwaka 1954 akatoa habari za watoto 290 wa karibu na Kampala. Kati ya wabebaji 43, wenye vijidudu vya malaria walikuwa 12. Kati ya wengine 247, walikuwa 113. Tena alitia malaria kusudi katika damu ya watu wazima Wajaluo 30 waliojitolea: kati ya wabebaji 15 walishikwa 2, kati ya wasio wabebaji 15 walishikwa 14. Jaribio la namna hiyo nisingependa lirudiwe, ijapokuwa lilitufundisha mengi. Basi mwenye AS hulindwa na malaria kali, ingawa si kabisa, na chandarua bado kinampasa. Ndiyo maana S imedumu. Nchi yetu ya Singida iko juu na ni kavu, lakini vijana wetu huenda Mwanza, Geita na pwani kwa kazi, huoa na kuolewa huko, na wa huko huja kwetu. Pasiwe mtu wa kusema ya kuwa ugonjwa huu ni wa kabila fulani.

Wachumba na wapime kabla ya kutangazwa. Wajihadhari na jambo moja: vipimo vingine vya haraka huonyesha tu kwamba S imo, lakini havitofautishi AS na SS. Waombe kipimo kinachotenganisha hemoglobini. Njia ya kuzitenganisha kwa umeme ndiyo aliyoitumia Linus Pauling na wenzake huko Marekani mwaka 1949, walipoonyesha ya kuwa hemoglobini ya wagonjwa si sawa na ya wazima. Mmoja akiwa AA na mwingine AS, hawatapata mtoto mgonjwa. Wote wawili wakiwa AS, kura ni ile ya vibuyu. Mwenye SS akioana na AA, watoto wote watakuwa wabebaji, wala hapana mgonjwa. Akioana na AS, nusu kwa kadiri watakuwa wagonjwa. Je, mchungaji aweza kukataa kufungisha ndoa ya AS na AS? Kwa maoni yangu, la. Kazi yake ni kuhakikisha ya kuwa wanajua, na ya kuwa wamejua pamoja, kila mmoja mbele ya mwenzake; kuamua ni kwao.

Na ambao wamekwisha kuoana wakapata mtoto mgonjwa, wasikate tamaa, maana hali si kama ya babu zetu. Mtoto akitambuliwa mapema hupewa penisilini ya kuzuia maambukizo, hukingwa na malaria, hunyweshwa maji mengi, huepushwa na baridi. Akipata homa hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, asingojwe mpaka kesho. Iko dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo huamsha tena ile hemoglobini ya utotoni, na kwa wengi hupunguza maumivu. Muhimbili wamewafuata wagonjwa wengi toka mwaka 2004, katika kazi iliyoanzishwa na Daktari Julie Makani. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kukata jeni yenyewe ndani ya seli, lakini bei yake kule Marekani yapita dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, basi hiyo bado iko mbali nasi. Iliyo karibu ni kupandikizwa uloto wa mifupa, kazi iliyoanza katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Uloto hutafutwa kwanza kwa ndugu wa baba na mama mmoja, na kwa kila ndugu nafasi ya kulingana na mgonjwa ni 1 katika 4, hesabu ile ile ya vibuyu. Ndugu aliye AS, naye akilingana, aweza kutoa.